Propela Iliyopinda na Kuni za Mama Wambui

Mmeniuliza sana. Tangu nirudi siwezi kukaa kwenye benchi langu la kazi bila mtu kuchungulia na kusema, "Fundi, hebu tuambie, ni kweli mlibeba kuni kutoka Kawangware mpaka Kitui?" Ni kweli. Na kwa sababu kila mmoja amesikia kipande chake, na vipande vyenyewe havifanani, nimeona afadhali niandike yote mara moja, nimalize, nirudi kwa kazi.

Kwa wasionijua, naitwa Mutuku. Kwetu ni Machakos, nalala Soweto West, Kibera, na kazi naifanyia Kawangware kwenye ploti ya vyumba vya kupangisha ya Mama Wambui. Mimi ni fundi wa propela. Sisemi propela ya ndege. Nasema lile bomba la chuma lililo chini ya gari, linalochukua nguvu kutoka gia boksi na kuipeleka kwa ekseli ya nyuma. Lina jointi mbili, moja mbele na moja nyuma. Jointi ya mbele ikipinda kiasi fulani, ya nyuma nayo inatakiwa ipinde kiasi hicho hicho, ndipo gari litembee kimya. Zikitofautiana, gari linatetemeka mpaka meno yako yanagongana.

Sasa, lori dogo la Mama Wambui lilikuwa na kila shida ya aina hiyo. Alilinunua kubebea mchanga na mawe, na kwa ajili ya matope ya Kawangware akalifanya liinuliwe juu sana. Ekseli yake ya nyuma ilivunjika, likapachikwa ekseli ya lori lingine kabisa, ambayo difu yake, lile bonge la gia linalopokea propela, haiko katikati bali imesogea kulia. Kwa hiyo propela ilikuwa inateremka mteremko mkali, na wakati huo huo inakwenda upande. Nilimwambia zamani kwamba inahitaji kunyooshwa. Alinijibu, "Mutuku, si inaenda?"

Kawangware hadi Kibera

Asubuhi moja ya mwezi wa pili, mji ukiwa umetulia kidogo baada ya vurugu za uchaguzi, nilimkuta Mama Wambui amevaa kanzu yake ya kanisani, yuko juu ya lori anapanga kuni. Kuni za mtamaiyu, mti mgumu, zimekatwa urefu mmoja. Kando yake kulikuwa na ndizi, unga na gunia la njahi, yale maharagwe meusi.

"Wambui amejifungua," akasema. "Naenda kumpelekea itega."

Kwa Wakikuyu, mtoto akizaliwa wanawake huenda kumwona mama wakiwa na chakula na kuni, asihangaike na moto. Hiyo ndiyo itega. Lakini Wambui ameolewa na Mkamba, mwalimu anayeitwa Musyoka, mbele ya Kitui mjini, upande wa Zombe. Na mamake hakuwahi kukanyaga huko hata siku moja.

"Nani anaendesha?" nikauliza.

"Mimi. Wewe utakaa hapo uisikilize hiyo propela yako. Na utanitafsiria."

Nilimwomba tupitie Kibera nichukue vyombo vyangu na propela ya akiba. Hakuweza kuingia Soweto West, siku zile mtu alikuwa akiulizwa jina kabla ya salamu, na jina lake la Kikikuyu lingejibu vibaya. Aliegesha karibu na geti la Nyayo Highrise, akatoa kiondo alichokuwa anasuka, akakaa kama mtu aliye barazani kwake. Mimi nikaingia kwa miguu.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Nilikuwa na propela begani, ndefu, nyeusi, imepakwa grisi. Pale reli inapovukwa kulikuwa na vijana wamekaa juu ya mawe. Mmoja akasimama ghafla.

"Weh, buda! Hiyo ni nini? Bazuka?"

"Zii, ni propela."

Wakatazamana. Helikopta ya polisi ilikuwa imezunguka juu yetu tangu alfajiri, na sasa haikuwa ikisikika.

"Propela?" akasema. "Fundi, umeangusha chopa?"

Nilicheka peke yangu, kisha nikaona hawacheki, nikaacha. Ikabidi niiweke chini na kuwaonyesha jointi zake, mmoja baada ya mwingine wakiizungusha kwa mkono. Walipoelewa, walikasirika kidogo, kama watu walionyimwa habari njema. Lakini yule wa kwanza akashika ncha moja, tukaibeba wawili mpaka barabarani. Alipomwona Mama Wambui kwenye usukani, alimtazama, akatazama kuni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyo mathee anaenda wapi?"

"Kuona mjukuu wake."

Aliitua ncha yake kwenye lori. Halafu akasema, "Basi ondokeni haraka, kabla wale wengine hawajatoka," akageuka akaenda. Mama Wambui alikuwa amesikia. Aliweka kiondo pembeni, akawasha gari, tukashika Barabara ya Mombasa.

Barabara ya Mombasa

Na kuni zile zote, lori lilitembea vizuri ajabu. Uzito ulikuwa umezishusha springi, propela ikalala, kelele ikapungua. Mama akapiga mluzi wimbo wa kanisani.

Kisha tukafika kwenye kizuizi cha polisi. Askari alizunguka lori mara mbili. Aliona vipande vya mti mgumu, vyote sawa, vingi kupita kiasi. Aliona chuma kirefu.

"Hizi rungu mnapeleka wapi?"

"Rungu?" Mama Wambui alishuka polepole, akashika kiuno. "Kijana, wewe mama yako alikupikia uji na nini? Hizi ni kuni, naenda Kitui. Mtoto amezaliwa."

"Kuni za kupeleka Kitui? Kitui ndiko kunatoka makaa yote mnayochoma Nairobi!"

Nadhani Mama hakuwa amelifikiria hilo. Tulishusha kila kipande, askari akikagua. Mwisho alikubali ni kuni, akamtakia mtoto afya, lakini akasema mzigo umepandishwa juu mno, tupunguze nusu. Hakukuwa na ubishi. Nusu tukamwachia mama mmoja aliyekuwa anapika chapati kando ya barabara. Alitubariki kwa lugha mbili na kutupa chapati za moto, tukala tukiendesha.

Tulipofika kona ya Machakos mimi ndiye niliyeacha kutafuna kwanza. Ta-ta-ta-ta-ta. Lori lilikuwa jepesi sasa, limeinuka, na propela ilikuwa imerudia mteremko wake.

Machakos hadi Kitui

Sitaki kulicheka hili sana kwa sababu watu waliogopa kweli. Tulipoingia karibu na soko, Mama aliongeza mwendo kupanda kilima, na mlio ule ukatoka chini ya gari kama bunduki. Wauza mboga walilala chini. Mwanamume mmoja aliingia chini ya meza ya viatu na kuibeba mgongoni. Mama akasimamisha gari, akatoa kichwa dirishani.

"Samahani! Ni gari!"

Walituangalia. Kisha mwenye nyanya akaanza kucheka, akiwa bado amelala. Kicheko kikaenda soko zima. Watu walikuwa wamekaa na hofu wiki nyingi bila pahali pa kuitolea. Tulipewa nyanya tusizolipia.

Nilimwambia Mama hatutafika hivi. "Tunahitaji uzito nyuma. Nikipata mawe..."

"Mawe ya nini? Si watu ni hao?"

Kwenye steji walikuwepo wanawake wa kwaya, wamevaa sare ya bluu, wamesubiri gari la Kitui tangu asubuhi na dereva wao hakutokea. Mama aliwaita wote. Walipanda wakishukuru, na mimi nikasimama nyuma kuwapanga. Hapo ndipo nilipokosea maneno. Nilisema, kwa Kikamba safi, "Wale wazito waje huku nyuma, juu ya ekseli."

Kiongozi wao, mama mmoja mrefu mwenye miwani, akaniuliza, "Wazito ni kina nani?"

Jamani, fundi anaweza kupima pembe ya jointi kwa jicho, lakini swali hilo halina kipimo. Nilieleza habari ya springi, ya propela, ya difu iliyosogea kulia. Nilichora kwa kidole kwenye vumbi la ubavu wa lori. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo tukikaa hapo gari litanyamaza?"

"Litanyamaza, mama."

"Haya dada zangu, twendeni tukalinyamazishe."

Wakakaa juu ya ekseli, wazito na wepesi, wamebanana. Lori likashuka na kunyamaza kabisa. Wakaimba mpaka Kitui. Kila tuliposhika shimo, sauti ya pili ilipanda ikawa ya kwanza, wakacheka, wakaanza upya. Mama Wambui hakujua maneno, lakini nyimbo nyingi alizijua kwa Kikuyu, akawa anaziimba kivyake kwenye usukani. Ni sehemu ya safari ninayoikumbuka zaidi nikiwa peke yangu.

Mto wa mchanga

Kwaya ilishukia Kitui mjini. Baada ya hapo barabara ni udongo mwekundu, kisha mchanga. Lori lilianza kugonga tena. Nilimsihi Mama aende polepole, naye alikwenda polepole mpaka tulipouona mto. Hauna maji, ni mchanga mtupu, mpana. Mama aliona mchanga, akakanyaga mafuta.

Tulifika katikati. Ukasikika mlio mmoja mkubwa, kisha injini ikawa inanguruma na gari halisogei.

Niliingia chini. Jointi ya nyuma ilikuwa imepasuka. Na si hiyo tu. Sentabolti ya springi ya kushoto, ile inayoshikilia ekseli isihame, ilikuwa imekatika. Ekseli yenyewe imerudi nyuma upande mmoja, gari limekaa kama kaa anayetaka kwenda kando.

"Nini?" akauliza Mama.

"Kila kitu."

Propela ya akiba nilikuwa nayo. Lakini nikiifunga hivyo hivyo itapasuka tena kabla ya kilima. Ilinibidi niinyooshe ekseli kwanza, halafu niinamishe difu ili uso wake uelekee sambamba na wa gia boksi. Kwa hilo unahitaji kabari kati ya springi na ekseli, na kabari za chuma zilikuwa Kawangware.

Mama Wambui alikuwa ameshuka, anaangalia kuni zake. Akachukua kipande kimoja cha mtamaiyu, akakigonga kwa vifundo vya vidole. "Hiki si kigumu?"

Kilikuwa kigumu vya kutosha. Nikaanza kuchonga kwa panga. Kupima nako tukatumia uzi wa kiondo chake. Yeye alishika ncha mbele kwenye springi, mimi nikaushusha mpaka kwenye ekseli, kulia, halafu kushoto, nikisogeza kwa jeki mpaka uzi ukawa sawa pande zote. Alikuwa amepiga magoti mchangani na kanzu ile nzuri.

Hapo ndipo aliponiambia, bila kuniangalia.

"Mutuku, siendi kupeleka itega."

"Unaenda nini basi?"

"Naenda kumchukua. Alinipigia simu. Akasema, 'Mama, wamesema nirudi,' halafu simu ikakatika. Kredo ya simu haikupatikana popote. Sijamsikia tena." Aliukaza uzi. "Umesikia vile wasichana wanarudishwa kwao siku hizi kwa sababu ya kabila. Mimi mwenyewe sikutaka aolewe huko. Sasa ningewalaumu vipi? Nikasema nitaenda na kuni, kwa heshima. Wakinifukuza, watafukuza mtu aliyekuja vizuri."

Nilichonga kabari.

Bado tulikosa sentabolti. Akatokea mwanamume na punda wake wawili, wote wamebeba, mtanisamehe, kuni. Alisimama akatazama lori letu muda mrefu.

"Mnazitoa wapi?" akaniuliza kwa Kikamba.

"Nairobi."

"Mnazileta huku?"

"Ndiyo."

Hakucheka. Nadhani alituona wagonjwa. Lakini nilipomwonyesha sentabolti iliyovunjika, alienda kwake ng'ambo ya mto, akarudi na bolti ya plau ya ng'ombe. Iliingia kwa kulazimishwa. Nikakaza yubolti, zile za umbo la U, juu ya kabari, nikafunga propela, nikamwambia Mama ajaribu. Lori likatoka mchangani, likapanda ukingo, na chini yake hakukuwa na mlio wowote. Si kupungua. Hakukuwa na kitu. Nilikimbia nyuma yake nikipiga makofi kama mwendawazimu.

Kwa mkwe

Jua lilikuwa bado halijazama tulipofika. Mama Musyoka alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi, mwanamke mdogo wa mwili, mwenye macho makali. Aliona lori, akaona mgeni, akaona kuni. Akaziendea, akashika kipande kimoja, akaniuliza, "Hizi ni nini?"

"Kuni, mwaitu. Amezileta kutoka Nairobi kwa ajili ya mtoto."

Alirudia maneno hayo taratibu. Kisha akaketi chini pale pale na kucheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Akawaita majirani waje waone mtu aliyeleta kuni Kitui.

Mama Wambui alisimama wima. "Mwambie," akaniambia kwa Kiswahili, "mwambie kama msichana wangu hatakiwi hapa, nimekuja kumchukua."

Sikutaka kulisema. Nilijaribu kulizungusha, lakini Mama Musyoka alimwona mwenzake usoni, akaniambia, "Sema vile amesema."

Nikasema. Kicheko kikafa. Mama Musyoka alisimama, akajipangusa vumbi. "Nimrudishe? Na huyu mtoto ataninyonya mimi?"

Wakati huo Wambui alikuwa ametokea mlangoni, mtoto kifuani. "Mama? Umekuja?"

"Ulisema wamesema urudi!"

"Nirudi kitandani, Mama! Kila nikiamka kuchota maji ananifukuza nirudi kulala. Nilikuwa namsemelea kwako!"

Mama Wambui aligeukia lori, akaanza kushusha ndizi. Zilimponyoka. Mama Musyoka akazichukua upande mmoja, naye upande mwingine, na walipofika mlangoni walikuwa wameshikana mikono chini ya mkungu, sijui ni nani aliyeanza.

Baadaye Musyoka aliniambia kwamba watu wawili walikuja kweli, mwezi wa kwanza, kuuliza kwa nini nyumba hii inafuga Mkikuyu. Mama yake aliwafukuza kwa mwiko. Hakumwambia Wambui.

Tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na kunde. Mama Wambui alisema kwa adabu kwamba angeyaponda na viazi. Mama Musyoka alionja njahi za wageni na kusema zinafanana na udongo mzuri. Nilitafsiri yote mawili kama sifa. Lakini hawakunihitaji kwa muda mrefu. Mmoja akisema mwaitu, mwingine akisema maitu, wote wakimaanisha mama, walielewana wakanisahau. Walikaa na viondo vyao wakibishana kuhusu mshono. Na kuni za mtamaiyu zilikubaliwa, maana makaa yake hukaa sana.

Kurudi

Nilitaka tukae siku mbili, tukakaa mpaka mtoto akanizoea. Wakati wa kuondoka, lori lilijazwa magunia ya ndengu na kunde, ndiyo kwanza zimevunwa. Kabari zangu za mti zilikuwa hazijasogea hata kidogo. Mpaka leo sijazitoa.

Machakos tuliingia hotelini kunywa chai. Redio ilikuwa imefunguliwa sauti ya juu na watu wamesimama wakiwa na vikombe. Wakubwa wa pande mbili za siasa walikuwa wamepeana mikono, ndivyo redio ilivyosema. Mtu mmoja alipiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha. Wengine wakaketi wakaendelea kunywa, lakini wakinywa polepole, kama watu walioambiwa kwamba hawana haraka. Mama Wambui aliuliza kama mandazi ni ya leo.

Tulifika Kawangware jioni. Kwenye ploti yake, chumba cha pili kutoka getini kilikuwa cha Mama Achieng, Mjaluo, aliyetoka mwezi wa kwanza na watoto wake na godoro kichwani, bila kusema anaenda wapi. Kufuli yake ilibaki mlangoni. Watu kadhaa walikiomba chumba hicho na Mama Wambui akawa anawaambia bado kina mtu.

Sasa mlango ulikuwa wazi. Nguo za watoto zilikuwa kwenye kamba, zinadondosha maji.

Mama Wambui alizima injini na kubaki ameshika usukani. Mama Achieng akatoka akipangusa mikono kwenye leso, akasimama mbali kidogo na gari.

"Mama Wambui. Umepotea."

"Ni mimi nimepotea ama ni wewe?"

Mama Wambui akashuka, akafungua nyuma ya lori, akavuta gunia moja mpaka ukingoni.

"Ile sufuria yako kubwa, ulirudi nayo?"

"Iko."

"Basi washa jiko. Mutuku, shusha hili."

Nikashusha. Majirani walitoka mmoja mmoja na sahani zao. Ndengu zilichelewa kuiva, zilikuwa nyingi na sufuria ilikuwa moja, na hakuna aliyeondoka.